Baiskeli Kumi na Nane na Tangi Moja: Tuliyojifunza Kati ya Dodoma na Kibaha

Katika miezi ya karibuni kamati kadhaa zimetuandikia zikiuliza namna ya kuandaa safari ndefu ya baiskeli kwa lengo la kuchangisha fedha za maendeleo. Badala ya kumjibu kila mmoja kwa barua yake, tumeona ni vema tuandike somo hili, ili lisomwe na kujadiliwa katika vikao vyenu. Tunaandika kutokana na safari yetu wenyewe ya Agosti 2022. Baadhi ya mambo tuliyafanya vizuri, na mengine tuliyakosea. Tutayaeleza yote mawili, kwani makosa ya mwenzako ni shule isiyo na ada.

Kwa nini tulisafiri

Zahanati yetu ya parokia ipo katika eneo kame la Mkoa wa Dodoma. Kama mnavyojua, mkoa huu hupata mvua kwa msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi inayobaki ni mikavu kabisa. Kwa miaka mingi mama mjamzito aliyekuja kujifungua aliagizwa aje na ndoo zake za maji. Wakati mwingine ndoo hizo zilibebwa na mkwe au binti yake kwa umbali mrefu, usiku. Wauguzi hawakupenda kuagiza hivyo, lakini bila maji hakuna usafi, na bila usafi uzazi salama unakuwa bahati nasibu.

Tulikuwa na paa zuri la bati, lakini hatukuwa na tangi. Hesabu yake ni rahisi, na kila kamati inaweza kuifanya: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa, inatoa lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 150 likipata milimita 500 kwa msimu, linapokea lita 75,000. Tukiondoa moja ya tano kwa maji yanayomwagika na yale ya kwanza yanayosafisha vumbi, zinabaki lita 60,000. Maji haya yote yalikuwa yakipotelea kwenye mchanga kila mwaka.

Ndipo vijana wakapendekeza safari ya baiskeli kutoka Dodoma kuelekea Dar es Salaam. Kila mwendeshaji angetafuta watu wa kumwahidi kiasi fulani kwa kila kilomita. Tuliamua kuishia Kibaha, kwa sababu barabara kutoka hapo kuingia jijini ina magari mengi mno. Kwa ajili ya ahadi tulikubaliana kuhesabu kilomita 410 kwa siku tano.

Swali la mzee mmoja

Katika kikao cha kwanza mzee mmoja wa kigango alisimama akauliza: "Mafuta ya gari, chakula cha watu wote hao, na vipuri, vyote hivyo ni fedha. Kwa nini fedha hiyo isiende moja kwa moja kwenye tangi, nyie mkabaki nyumbani?"

Baadhi yetu tulimwona mzee kama mkatisha tamaa. Leo tunakiri kwamba lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Luka 14:28–30 inatukumbusha habari ya mtu anayetaka kujenga mnara. Nasi tulitakiwa kuketi kwanza.

Hebu tutazame mfano huu. Ni mfano wa kufundishia tu, wala si daftari letu. Waendeshaji ni 20 na wasaidizi ni watano. Chakula kwa watu 25 kwa siku tano, shilingi 12,000 kwa mtu kwa siku, ni shilingi 1,500,000. Mafuta ya gari la msaada 600,000. Fundi na vipuri 400,000. Huduma ya kwanza 200,000. Lori la kurudisha baiskeli 500,000. Jumla ni 3,200,000. Ongezeni asilimia 10 ya dharura, inakuwa 3,520,000.

Sasa tuangalie mapato. Kila mwendeshaji apate watu kumi wa kuahidi shilingi 50,000 kila mmoja. Ahadi zote ni shilingi 10,000,000. Lakini ahadi si fedha. Kama zitalipwa asilimia 70 tu, mtapata 7,000,000. Mkitoa gharama humo humo, zinabaki 3,480,000, yaani chini ya nusu ya kilichotolewa. Mfadhili aliyetoa 50,000 akidhani ananunua saruji, kumbe zaidi ya 25,000 zimekwenda kwenye wali na dizeli.

Jibu letu kwa mzee, baada ya vikao vitatu, lilikuwa hili: gharama za safari zisiguse michango ya tangi hata senti moja. Kila mwendeshaji alitoa kiingilio chake. Wenye maduka na mashine za kusaga walichangia unga, maharage na mafuta ya gari. Malazi tuliomba katika parokia za njiani, tukalala kwenye kumbi na madarasa. Pale ambapo kiingilio na misaada haikutosha, tulipunguza safari, si tangi. Kwa mfano, fulana za safari zilifutwa kwenye bajeti. Vijana walinung'unika, lakini walielewa.

Kuandaa baiskeli na mwili

Kati ya baiskeli zetu 18, kumi na mbili zilikuwa Phoenix za kawaida zisizo na gia, zile zile zinazobeba mkaa na ndoo. Hatukuona haya. Baiskeli ya Phoenix ni nzito, lakini kila kijiji kina fundi anayeijua na duka lenye vipuri vyake. Mwenye baiskeli ya gia ya kisasa, cheni au spoku ikikatika porini, anaweza kuhangaika siku nzima.

Mambo tuliyoyaona kuwa ya lazima ni haya:

- Kiti kiwe juu ya kutosha. Ukiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kikiwa chini, magoti huuma kuanzia siku ya pili.
- Kila kundi liwe na pampu, mipira ya ndani ya akiba, viraka na solusheni, na spana zinazoingia kwenye baiskeli zao.
- Kofia ngumu kwa kila mtu, na kizibao chenye kung'aa ili dereva akuone kwa mbali.
- Mazoezi yaanze miezi mitatu kabla. Sisi tulianza na kilomita 20 kila Jumamosi, tukapanda hadi 70. Asiyeweza kuendesha kilomita 70 na kesho yake kurudia, asipelekwe.
- Maji yanywewe kabla ya kiu. Kwa jua letu ni angalau nusu lita kwa saa, na zaidi joto likizidi. Mtu akitoka jasho jingi, maji matupu hayamtoshi. Tulichanganya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ndiyo ile ile tunayowafundisha akina mama kwa mtoto mwenye kuhara.

Upepo ambao hatukuuhesabu

Dodoma ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Morogoro ni karibu mita 500. Tukaambiana, "Tunateremka tu, kazi ni ndogo." Tulikosea sana.

Kuanzia Mei hivi hadi Septemba upepo hutoka kusini mashariki. Watu wa pwani wanauita kusi, na nguvu yake hufika mpaka nyanda za kati. Aendaye Dodoma kuelekea Morogoro katika mwezi wa Agosti anauelekea upepo huo. Asubuhi ni shwari, lakini ikifika saa nne unaanza, na adhuhuri unakuwa kama mkono unaokusukuma kifuani. Siku ya kwanza tulianza saa mbili na nusu, baada ya hotuba tatu na kupiga picha. Tulitarajia kufika Kibaigwa saa nane mchana. Wa mwisho aliingia giza likianza, wakati malori ya mahindi yanayokwenda soko la hapo yakiwa bado barabarani. Mungu alitulinda, lakini haikuwa busara kumjaribu.

Usiku ule tulibadilisha mpango. Tuliondoka saa kumi na mbili alfajiri, mara tu pakianza kupambazuka, bila hotuba. Aidha, tulijifunza kuongozana. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne. Kwa hiyo anayetangulia ndiye anayeumia, na anayemfuata kwa karibu huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Tukagawanyika makundi matatu ya watu sita. Kila mtu aliongoza kwa dakika tano, kisha akarudi nyuma kupumzika. Mwenye nguvu aliongoza dakika saba na mnyonge dakika mbili. Makundi yaliachana nafasi kubwa ili magari yapate kupita kundi moja moja. Kwa njia hiyo hata mama mmoja wa miaka 52, ambaye wengi tulidhani atapanda gari siku ya pili, alifika Kibaha kwa miguu yake mwenyewe.

Ajali baada ya Gairo

Baada ya Gairo barabara inateremka kuelekea Dumila. Hapo ndipo tulipopata ajali. Kijana mmoja wetu mwenye miaka 22 alikuwa na mzigo wake kwenye karia. Breki zake zilikaguliwa uani kwa padre, mahali tambarare, bila mzigo. Kwenye mteremko, baiskeli ikiwa na mzigo, hazikushika. Basi lilipompita, upepo wake ukamyumbisha, akatoka nje ya lami akaanguka. Mfupa wa bega ulivunjika. Tulimwahisha hospitali kwa gari la msaada.

Wapendwa, kuanguka kwake si jambo linalotuumiza zaidi hadi leo. Linalotuumiza ni kwamba hatukuwa na namba ya simu ya nyumbani kwao. Tulikuwa na orodha ya majina, vigango na ahadi za fedha, lakini safu ya "mtu wa kupigiwa simu" hatukuiweka. Wakati sisi tukihangaika kutafuta namba, picha ya kijana akiwa amelala chini ilikwisha tumwa kwenye kundi la simu na mmoja wetu. Mama yake aliiona kwenye simu ya jirani kisimani. Kwa muda wa saa nzima mama yule aliamini kuwa mwanawe amefariki.

Tuliporudi tulikwenda nyumbani kwake kuomba msamaha. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akatuletea maji ya kunywa. Kisha akasema, "Mlihesabu kilomita zake vizuri sana. Mimi hamkunihesabu." Hatukuwa na jibu.

Tangu siku hiyo kanuni zetu ni tatu. Kwanza, hakuna anayepanda baiskeli bila kuacha namba mbili za ndugu zake. Pili, mizigo yote inabebwa na gari, na breki zinapimwa kwenye mteremko halisi. Tatu, hakuna picha ya ajali inayotumwa na yeyote, na anayezungumza na familia ni kiongozi mmoja aliyeteuliwa.

Fedha hii ni ya nani?

Usiku ule Dumila tulikaa kikao kigumu. Matibabu yalihitaji fedha kuliko akiba yetu ya dharura. Baadhi ya wenzetu walisema, "Michango ya tangi ipo benki. Tuchukue humo, tutarudisha." Walisema kwa huruma, na kijana yule aliumia kwa ajili ya tangi. Wengine tukasema hapana. Aliyetoa alitoa kwa ajili ya maji ya zahanati. Tukianza kuamua wenyewe kwamba haja fulani ni kubwa kuliko ile tuliyoombea, safari ijayo nani atatuamini?

Tuliamua kuchangishana sisi wenyewe, pamoja na wanakamati waliobaki nyumbani. Mmoja aliuza mbuzi. Deni la mwisho lililipwa Novemba. Katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8, Mtume Paulo anaeleza jinsi alivyotaka mchango ushughulikiwe na zaidi ya mtu mmoja, ili pasiwe na lawama. Wahenga nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Upande wa ahadi pia tulijifunza. Mfadhili mmoja aliuliza kama anatakiwa kulipa kilomita zote 410 za kijana aliyeanguka, au zile alizoendesha tu. Kwa kuwa hatukuandika kanuni mapema, tulimwambia alipe alizoendesha. Akalipa zote. Wapo pia walioahidi mbele ya watu na hawajalipa mpaka leo, na hatuwasemi. Lakini mama mmoja muuza vitumbua, aliyeahidi shilingi 20 kwa kilomita, alileta shilingi 8,200 kabla hatujarudi, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Alisema hakutaka zikae nyumbani zikapata kazi nyingine.

Kosa jingine ni kwamba wiki ya kwanza baadhi ya michango ilipokelewa kwenye simu za watu binafsi. Hakuna iliyopotea, lakini ilituchukua muda mrefu kuthibitisha hivyo. Michango ipokelewe kwenye akaunti ya parokia au namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la parokia tu, na kila anayetoa apewe stakabadhi.

Wenzetu wa mbali

Safari za namna hii zimefanyika kwingine kwa miaka mingi. Huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1980 Billy Starr, ambaye mama yake alifariki kwa saratani, alikusanya waendeshaji 36. Walivuka jimbo hilo kutoka Springfield hadi Provincetown, wakachangisha dola 10,200 kwa ajili ya utafiti wa saratani katika taasisi ya Dana-Farber. Safari hiyo, Pan-Mass Challenge, ingali ikifanyika kila Agosti, na hadi mwaka 2024 ilikuwa imekwisha kuchangisha zaidi ya dola bilioni 1. Kwa miaka mingi sasa kila dola inayoletwa na mwendeshaji inakwenda kwenye taasisi hiyo, na gharama za safari hulipwa kwa viingilio na wadhamini. Ni jibu lile lile tulilompa mzee wetu wa kigango.

Huko California, mwaka 1994, ilianza safari kutoka San Francisco hadi Los Angeles kwa ajili ya wenye UKIMWI. Baadaye yalizuka malalamiko makubwa kwamba gharama za uendeshaji zilikula sehemu kubwa mno ya michango. Mwaka 2002 mashirika mawili yaliyokuwa yakinufaika yaliamua kuandaa safari yao wenyewe, AIDS/LifeCycle, ya siku saba na takriban kilomita 877. Iliendelea hadi Juni 2025, ikafungwa kwa sababu gharama zilipanda na washiriki walipungua. Walikuwa na ujasiri wa kusema imetosha. Kamati isisite kuacha mradi ambao hauleti tena matunda.

Na tangi je?

Wafadhili wetu wana haki ya kujua. Michango iliyolipwa haikutosha kumaliza tangi. Ilinunua saruji, nondo, waya na mabomba, na ikamlipa fundi kwa awamu ya kwanza. Kazi ilisimama kwa miezi mitano. Kisha vigango viligawana zamu za kusomba mchanga na kokoto, na kazi ikaanza tena. Tangi lilikamilika Novemba 2023, na mvua za Desemba zikaanza kulijaza. Mzee aliyeuliza swali ndiye aliyefungua bomba la kwanza. Leo mama anayekuja kujifungua haagizwi ndoo. Hata hivyo, mwishoni mwa kiangazi maji hupungua, na kamati ya zahanati inaendelea kusimamia matumizi kwa kufuli na daftari.

Je, fedha zingeweza kupatikana bila baiskeli? Labda. Lakini watu wa njiani waliotupa uji, watoto waliokimbia pembeni mwetu, na vigango vilivyobeba mchanga kwa sababu vijana wao walivumilia upepo, hao tusingewapata kwa barua ya maombi.

Kwa kamati inayotaka kuanza

1. Chagueni haja moja inayoeleweka, na mjue gharama yake yote kabla ya kutangaza.
2. Tenganisheni fedha za safari na fedha za mradi tangu siku ya kwanza.
3. Andikeni kanuni za ahadi: nini kitatokea mtu asipomaliza, au fedha zikizidi au kupungua.
4. Toeni taarifa polisi na kwa viongozi wa serikali za mitaa mnakopita.
5. Chunguzeni upepo, milima na malori, kisha ndipo mpange tarehe.
6. Toeni taarifa ya mapato na matumizi ubaoni ndani ya mwezi mmoja, hata kama si nzuri.

Maswali ya kujadili

- Kama ungekuwa kwenye kikao cha Dumila, ungesema nini kuhusu matibabu ya kijana? Kwa nini?
- Katika parokia yetu, nani huuliza maswali magumu ya fedha? Tunampokeaje?
- Ni watu gani wanaoguswa na miradi yetu ambao hatujawahi "kuwahesabu"?
- Je, tunao mradi ambao tunapaswa kuumaliza kwanza kabla ya kuanza mwingine?

Kamati zitakazojadili somo hili tunaomba zituandikie majibu yao. Yule kijana amepona, na bega lake linabeba jembe kama zamani. Ametuambia kwamba safari nyingine ikipangwa atakwenda. Tumemjibu kwamba kwanza tutamwuliza mama yake.